Mbegu Zilizongoja Moto

Katika jimbo la California, nchi ya Marekani, iko safu ya milima iitwayo Sierra Nevada, ambayo miteremko yake ya magharibi ina misitu mikubwa ya misonobari. Tarehe 17 Agosti, 2013, moto ulizuka karibu na mto Tuolumne. Ulipodhibitiwa mwezi wa Oktoba ulikuwa umekwisha kuunguza zaidi ya eka 257,000, pamoja na sehemu ya Hifadhi ya Yosemite. Mahali pengi hapakubaki ila vigogo vyeusi na majivu.

Msafiri aliyepita huko siku zile angedhani ardhi imekufa. Kumbe chini ya majivu zilikuwamo mbegu za vichaka viitwavyo seanothasi. Mbegu hizo zina ganda gumu, nazo huweza kulala udongoni miaka mingi, hata baada ya vichaka vilivyozizaa kufa kwa kukosa jua chini ya misonobari. Moto ukipita, zilizo juu huteketea. Zilizofukiwa kidogo hupata joto la kulegeza ganda. Kisha hukaa katika baridi na unyevu wa theluji, na majira ya kuchipua yafikapo miche humea kwa wingi.

Msonobari uitwao ponderosa hauna akiba kama hiyo. Mbegu zake hazidumu udongoni, bali huletwa hasa na upepo kutoka kwa miti iliyo hai, wala haziendi mbali. Basi penye miti iliyokufa yote, vichaka hutangulia.

Je, vichaka ni adui? Wapandao misitu hulalamika kwamba hunyang'anya miche ya misonobari maji wakati wa kiangazi, na hiyo ni kweli. Lakini katika mizizi yake, kama katika mizizi ya maharagwe, hukaa vijidudu virudishavyo naitrojeni katika udongo uliopoteza rutuba kwa moto. Tena huuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kwa hiyo ni afadhali kufyeka kandokando ya mche kuliko kufyeka mlima mzima.

Hatari kubwa zaidi ni moto wa pili. Ukija kabla misonobari michanga haijazaa, itateketea bila kuacha mbegu, lakini seanothasi itakuwa imekwisha kuweka akiba yake. Hapo ndipo msitu hupotea, wala si katika moto wa kwanza.