Umejuaje?

Chuoni Butimba, miaka ya 1970, tulifundishwa kwamba habari kamili hujibu maswali matano: nani, nini, wapi, lini na kwa nini. Nami niliwafundisha hayo watoto wa Darasa la Sita, nikaanzisha gazeti la ukutani ambamo waliandika habari za kijiji: ng'ombe wa nani kazaa, daraja gani limechukuliwa na maji. Nilipofanywa Mwalimu Mkuu, huko Bukoba vijijini, sikuliacha. Nilijiona mhariri, na wanakijiji nao walinichukulia hivyo, maana redio yangu haikukosa betri na magazeti yalinifikia, japo kwa kuchelewa.

Jumanne tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba jioni iliyotangulia na kupitia Kemondo, watu wengi, mikungu ya ndizi haihesabiki. Meli iliyoruhusiwa kuchukua abiria 430 ilipotea na watu zaidi ya 800. Waliookolewa walizidi mia moja kwa wachache tu. Rais Mkapa, ambaye naye aliwahi kuwa mhariri wa magazeti, alitangaza siku tatu za maombolezo. Barazani kwangu watu walijaa hadi migombani, kila mmoja akingoja kusikia jina.

Jirani yangu mmoja, mama mjane, alikuwa na mwanawe wa kiume katika meli ile, kijana mchuuzi wa ndizi. Siku ya nne mtu alishuka kwenye basi lililotoka Mwanza, akaniambia kwamba kijana yuko hospitali, amefungwa bendeji mkononi, ila anazungumza. Sikumwuliza hata swali moja. Nilikwenda mbio mimi mwenyewe, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nikamwambia yule mama, "Mwanao yu hai." Kilio kikakatika. Jumapili nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu mbele ya waumini wote, na mama akatoa jogoo kuwa sadaka.

Kijana hakurudi. Yule mtu wa basi, nilipompata, alikiri kwamba hakumwona kwa macho yake. Aliambiwa na mwenzake pale stendi. Kufikia hapo maiti wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa Igoma, wengine bila kutambuliwa.

Mama hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Kwa sababu ya neno langu hakukuwa na matanga nyumbani kwake, na kila tulipokutana, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza, "Mwalimu, hakuna habari?" Nami nilimjibu, "Bado, Mama." Uongo wa kwanza niliusema kwa furaha. Huo wa pili niliusema kwa woga, tena kwa miaka mingi.

Darasani niliongeza swali la sita ubaoni: Umejuaje? Watoto walilichukia. Mmoja aliandika kwamba fisi ameonekana karibu na shule, nikamtaka anipeleke kwenye nyayo, tukatembea mchana kutwa tukaambulia za mbwa. Siku hizi wajukuu wananiletea habari kwenye simu, na nikiwauliza swali lile lile hunijibu, "Babu, mbona kila mtu ameituma?"

Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Siku mbili baadaye fundi mmoja alipatikana hai ndani ya kivuko. Mama alisikia habari hiyo redioni. Alikuwa ameshakuwa ajuza, akaja kwangu na mkongojo wake, akakaa barazani. Alijua, kama sote tulivyojua, kwamba mwaka 1996 meli ilielea kichwa chini, watu wakisikika wakigonga kutoka ndani, na kwamba tundu lilipokatwa ili waokolewe, hewa ilitoka na meli ikazama.

"Mwalimu," aliniuliza, "yawezekana wa kwangu naye alikuwa humo, anagonga?"

Neno "bado" lilikuwa tayari ulimini.

"Sijui, Mama," nilimwambia. "Hata siku ile sikujua."

Alinyamaza kwa muda mrefu, akichora ardhini kwa ncha ya mkongojo. Kisha akaniomba nimpelekee katekista jina la mwanawe, lisomwe katika misa ya marehemu.