Punda wa Mzigo na Farasi wa Ufukweni

Safari zote za mwanadamu, ndefu kwa fupi, hugawanyika mafungu mawili: zile azifanyazo kwa haja, na zile azifanyazo kwa furaha. Mnyama ampandaye hajui tofauti hiyo. Kwake mlima ni ule ule, na jua la adhuhuri humchoma bila kuuliza kama aliye mgongoni anakwenda sokoni au anakwenda kuogelea. Tofauti inajulikana na mtu peke yake. Kwa hiyo dhima yake pia ni ya mtu peke yake.

Katika visiwa vya Ugiriki iko starehe moja ipendwayo sana na wageni. Mtu aliyekuja kupumzika hupewa farasi mpole, huonyeshwa namna ya kukaa, ya kushika hatamu na ya kutia miguu katika vikuku. Kisha mwongozi hutangulia, na msafara mdogo hushuka polepole kati ya mizeituni na kuta za mawe hata kufika ufukweni. Aghalabu mgeni huyo hajapata kupanda farasi maishani mwake. Jioni hurudi na fahari ya mtu aliyetawala mnyama na njia. Lakini farasi hakumfuata yeye. Alimfuata mwongozi, na njia aliijua zamani kabla ya mgeni kushuka chomboni. Kilichonunuliwa pale si mbio wala ushujaa. Kimenunuliwa kitu adimu zaidi, nacho ni amani: mnyama mwenye afya aliyefundishwa vema, na mtu anayemjua. Mmoja wao akikosekana, ufuko hubaki lakini safari hufa.

Mtu wa Shinyanga asomaye habari hii yamkini atatabasamu. Wenyeji wa pwani wana mithali isemayo kuwa mzoea punda hapandi farasi, na huitumia kumkebehi aliyeridhika na hali ndogo. Walakini katika bara la Tanzania mithali hiyo ina sababu isiyokuwa unyonge wa moyo. Farasi alizuiwa na wadudu. Mbung'o humtia nagana, na usubi humtia ugonjwa mwingine wa farasi ambao huua kwa siku chache. Punda naye hasalimiki kabisa, lakini hustahimili zaidi. Ni mwana wa bara hili, kwani Waafrika walianza kumfuga yapata miaka 7,000 iliyopita.

Henry Morton Stanley aliyajua hayo kwa hasara. Mwaka 1871 alitoka Bagamoyo na farasi wawili, na wote wawili walikufa mwanzoni kabisa mwa safari. Mmoja alipozikwa karibu na kambi, mkuu wa kijiji cha Kingaru alikuja kudai malipo ya nguo, kwa kuwa mnyama alifukiwa katika ardhi yake pasipo ruhusa. Stanley akaamuru mzoga ufukuliwe uachwe juu. Mara mkuu yule akaghairi, akaona heri ubaki ulipo. Kisa hiki huchekesha, lakini kina maana. Farasi aliingia bara kama mgeni, akafa kama mgeni, na hata kaburi lake likawa la kugombewa.

Shinyanga yenyewe ilipigana na mbung'o kwa miaka mingi. Wakati wa utawala wa Waingereza idara ya utafiti wa mbung'o iliwekwa huko chini ya Charles Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Maelfu ya Wasukuma walitoka na mashoka wakafyeka vichaka vilivyokuwa makao ya mdudu yule. Vita ilifanikiwa, lakini kama ilivyo desturi ya vita, ushindi ulidai gharama yake. Ng'ombe waliongezeka, mashamba ya pamba yakapanuka, miti ikapungua, na kuni zikawa mbali. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, kazi ikawa ya kurudisha kile kilichofyekwa, na wazee wakarudia desturi ya ngitili, yaani kuyafunga malisho na vichaka kwa muda ili yapumzike. Katika miaka iliyofuata ngitili zilienea zaidi ya hekta 300,000. Basi ardhi ilipewa mapumziko yake. Mnyama aliyekuwa akizifuata kuni na maji kwa safari zilizorefuka hakupewa.

Mnyama huyo ni punda. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hata Oktoba, yeye ndiye mfereji wa kaya nyingi. Asubuhi na mapema hufungwa madumu, huongozwa na mtoto au mama hadi lambo au kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto, na kurudi amelemewa. Naye hushuka kwenda kwenye maji akiongozwa, kama farasi wa kisiwani. Ila huko maji ni mwisho wa safari, na huku ni nusu yake tu. Baada ya maji huja magunia ya mpunga, baada ya mpunga mkaa, baada ya mkaa tofali. Siku ya gulio hakuna mwenye kazi nyingi kumshinda.

Na tuhesabu kidogo. Dumu moja la lita 20 lina kilo 20 za maji. Madumu manne ni kilo 80. Punda wa Afrika Mashariki ni mdogo wa mwili, na huweza kuwa na kilo 130 hivi. Huko Ugiriki, katika kisiwa cha Santorini, punda na nyumbu walikuwa wakipandisha wageni wa meli ngazi zaidi ya 500 kutoka bandarini hata mjini, na kelele za watu wenye huruma zilipozidi, mwaka 2018 serikali iliagiza kwamba mnyama asitwishwe mzigo uzidio kilo 100 au sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kwa kipimo hicho cha pili punda wa Shinyanga angestahili kilo 26. Madumu manne ni zaidi ya mara tatu ya haki yake.

Hapana shaka mtu mwenye busara atajibu kuwa sheria ya kisiwa cha watalii haiwezi kuchukuliwa ilivyo ikapandwa Kishapu. Mgeni wa Santorini asipopanda punda hupanda ngazi kwa miguu. Mama wa Kishapu asipopeleka punda, mtoto hukosa maji. Jibu hili ni la haki, na mtu asiyelikubali hajapata kuona kiu. Lakini haja haimwondolei mwenye haja wajibu wa kujua. Punda avutaye mkokoteni mwema hupeleka maji mengi zaidi kwa taabu ndogo kuliko abebaye mgongoni. Tena wengi humfunga punda nira ya ng'ombe. Nira ile hukaa mbele ya nundu, na punda hana nundu. Yeye nguvu zake zimo kifuani. Akivikwa ukanda mpana wa kifua huvuta kwa raha. Akivikwa nira huvuta kwa kidonda. Gharama ya ukanda huo ni ndogo, nao waweza kushonwa kwa turubai kuukuu. Kinachopungua si fedha. Ni ile desturi ya kumtazama mnyama kabla ya kumwamuru.

Kutazama huko ndiyo kazi ya mwongozi, na dunia ina kasoro moja ya kale katika jambo hili: sifa humwendea apandaye, aongozaye husahauliwa. Safari mashuhuri kuliko zote za kuongozwa ufukweni katika nchi hiyo ni ya John Hanning Speke. Julai 1858 alimwacha mwenzake Richard Burton Kazeh, yaani Tabora, akaenda kaskazini kwa kupita nchi za Wanyamwezi na Wasukuma, na tarehe 3 Agosti aliliona ziwa kuu karibu na Mwanza. Akalipa jina la malkia wake. Lakini mbele yake alikwenda kirangozi aliyejua njia, na kando yake alikwenda Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India utotoni, ambaye alizungumza na Speke kwa Kihindi na kumfasiria maneno ya wenyeji. Wenyeji waliliita ziwa lile Nyanza kabla ya mgeni kufika. Vitabu vikasema kwamba Speke amelivumbua. Mgeni wa kisiwani arudiye jioni akijisifu kuwa ametawala farasi ni ndugu wa Speke kwa kosa, ingawa si kwa taabu.

Upande wa kusini-magharibi wa ziwa hilo hilo uko mkoa wa Geita, ambako thamani hutafutwa chini ya ardhi. Dhahabu ya huko ilijulikana tangu enzi ya Wajerumani. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, huku wachimbaji wadogo wakizidi kutoboa vilima kama Nyarugusu kwa moko na nyundo. Katika mkoa huo huo kiko pia kisiwa cha starehe, Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Huko hakuna farasi. Mgeni hutembea kwa miguu nyuma ya askari wa hifadhi, akitafuta nyayo za nzohe na sauti za sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1960. Mbung'o bado yuko kisiwani, naye humkumbusha mgeni sababu ya kutembea. Lakini siri ya starehe ni ile ile ya Ugiriki: mtu hulipa ili aongozwe na ajuaye, na mnyama ana thamani kwa sababu yu hai.

Hapo ndipo habari ya punda inapoingia giza. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mnyama asiye na bei: nyama yake haikuliwa na wengi, maziwa yake hayakukamuliwa, na fadhila zake zilitajwa kwa mateke. Kisha ikajulikana kuwa ngozi yake hutakiwa China, ambako huchemshwa ikatoka gundi iitwayo ejiao, itumiwayo katika dawa za jadi na vipodozi. Machinjio ya punda yakajengwa Dodoma na Shinyanga. Mara mnyama asiye na bei akapata bei, akapata na wezi. Punda jike huchukua mimba karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Kisu huhitaji dakika. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kusawazishwa na mfugaji yeyote. Desemba 2022 serikali ya Tanzania ilitangaza kusimamisha kwa miaka 10 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuukataza katika bara zima kwa miaka 15.

Marufuku ni kinga njema, lakini ni kinga ya miaka. Inamlinda punda dhidi ya kisu. Haimlindi dhidi ya dharau, na dharau ndiyo iliyomfanya awe rahisi kuuzwa. Mnyama aliyedharauliwa akiwa hai hana wa kumtetea bei ya mzoga wake inapopanda. Dhahabu ya Geita haipungukiwi na kitu kwa kulala ardhini miaka elfu. Thamani ya punda huliwa kila siku anapopigwa, na hurudishwa kila siku anapotunzwa.

Kwamba jambo hilo lawezekana, Lamu ni shahidi. Katika mji ule wa vichochoro punda ndiye mchukuzi wa mchanga, wa mawe na wa vyakula. Hana starehe ya farasi wa kisiwani. Hata hivyo tangu mwaka 1987 ipo zahanati yake ya kumtibu bila malipo, yapo mashindano ya kumzawadia mwenye punda aliyetunzwa vizuri kuliko wenzake, na katika sikukuu za Maulidi vijana humshindanisha mbio mbele ya mji mzima. Kwa siku moja mnyama wa haja hufanywa mnyama wa furaha, na mwenye kumwongoza hushangiliwa kwa jina lake. Mzigo wa kesho yake hauwi mwepesi, lakini mikono iutiayo inakuwa imejifunza kitu.

Kumfanya punda wa Shinyanga kuwa farasi wa watalii si lazima, wala haielekei kuwa. Linalotakiwa ni dogo kuliko hilo na gumu kuliko hilo. Iko mithali ya kikatili isemayo: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mwongozi wa Ugiriki hawezi kuisema, maana mzigo wake ni mgeni, na mgeni hafiki punda akifa. Mama wa Kishapu naye, akifikiri vema, hawezi kuisema; punda wake akifa leo maji ya leo huenda yakafika, lakini ya kesho yatabebwa na shingo yake mwenyewe na ya binti yake aliyepaswa kuwa shuleni. Mithali ile ilitungwa na mtu ambaye hakuwa na safari ya kesho. Wenye safari ya kesho, na ndio wengi, hawana budi kuanza kwa kulitazama tandiko.