Karibu Nami, Karibu na Nani?

Kimya kilikuwa kirefu kwa sababu nilikuwa Tabora. Nimerudi na asali (ni kidogo, msianze kuniomba) na nimerudi na swali. Hivi zile ramani za kwenye simu zetu, zikituandikia "karibu nawe", huwa zinamaanisha karibu na nani hasa?

Msinicheke. Tuanze kwa kuelewana mambo yanavyokwenda, maana wengi wetu tunabonyeza tu na kuamini.

Simu yako inasikiliza setilaiti. Zipo za GPS ya Marekani, Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China. Kila setilaiti inatangaza saa yake na mahali ilipo. Simu ikizisikia angalau nne, inapiga hesabu ya umbali na kupata namba mbili, latitudo na longitudo. Ukiwa Tabora namba hizo ni kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta na nyuzi 33 mashariki. Kazi hiyo haidai bando, na setilaiti haijali kama umesimama Masaki au umesimama chini ya mwembe Isikizya. Hapo wote tuko sawa.

Usawa huo unaisha pale unapoandika neno la kutafuta. Namba zako zinakwenda pamoja na neno hilo kwenye ghala la taarifa. Kompyuta inachora eneo kukuzunguka, inaokota kila kitu kilichoandikishwa humo, kisha inavipanga. Google wenyewe wanaeleza kwamba wanaangalia mambo matatu: kitu kinafanana kiasi gani na ulichotafuta, kiko umbali gani, na kina umaarufu kiasi gani. Baada ya hapo vialama vinachomekwa juu ya ramani, ambayo nayo imekatwa vipande vipande vya mraba. Ukisogeza kidole, vipande vingine vinaletwa. Na kama eneo lile la kwanza halina kitu, eneo linapanuliwa mpaka kipatikane kitu.

Sikilizeni hilo neno, "kilichoandikishwa". Ramani haioni duka. Inaona maandishi ya mtu aliyewahi kusema hapa pana duka. Kama hakuna aliyesema, kwa ramani hakuna duka, hata kama duka lina miaka ishirini na foleni mlangoni.

Sasa twendeni Isikizya. Kwa wasiopajua, Isikizya ni makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kaskazini mwa Tabora mjini, njia ya kwenda Nzega. Uyui ni ile wilaya inayouzunguka mji wa Tabora pande zote, kama ganda la embe lilivyozunguka kokwa. Ukisema Tabora watu wanafikiria kokwa. Ganda hawalioni.

Nilifikia kwa shangazi yangu. Usiku wa pili, kama saa tatu hivi, mtoto wa binamu yangu akashikwa na homa kali. Mimi kijana wa mjini nikatoa simu haraka, nikaandika "duka la dawa". Ramani (siitaji ni ya nani) ikanichomekea alama tatu, zote Tabora mjini. Hapo tulipokuwa sisi palikuwa peupe kabisa. Mstari mmoja wa barabara kuu, basi. Nikaanza kuuliza habari za bodaboda na bei ya usiku.

Shangazi akaniangalia. "Baba, unatafuta nini humo?"

"Duka la dawa, shangazi."

"Duka la dawa lipo nyuma ya mashine ya kusaga. Gonga mlango tu, mwenyewe analala humo humo."

Hazikufika dakika tano. Tukapata dawa ya kushusha homa, na asubuhi mtoto akapelekwa zahanati kupimwa. Sasa anakimbia na kuku.

Lakini tangu usiku ule nafikiria yule asiyekuwa na shangazi. Mwalimu mpya aliyeripoti jana kutoka Mtwara. Dereva wa lori aliyeharibikiwa gari njiani. Mama aliyeolewa pale mwezi uliopita na mume wake amesafiri. Hao wakiuliza simu zao, zitawapeleka mjini usiku wa manane na kuwapitisha mlangoni kwa msaada wenyewe bila kuuona.

Na kuna mahali ambapo neno "karibu" ni suala la kufa na kupona. Mnakumbuka m-mama? Ni mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ulianza mwaka 2013 Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Rais Samia akazindua kuusambaza nchi nzima. Mtu anapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali, anaingiza majibu kwenye mfumo, kisha anatafutwa wa kumpeleka mgonjwa kwenye kituo kinachofaa. Kama ambulensi haipo karibu, anaitwa dereva wa kawaida wa pale kijijini aliyejiandikisha, naye analipwa kwa simu.

Uzuri wa mpango ule mimi nauona kwenye kazi isiyo na mbwembwe, ile iliyofanyika kabla simu haijaita: mtu alikwenda akaandika vijiji, akaandika vituo vya afya, akaandika madereva. Bila daftari hilo, teknolojia yote inabaki pambo. Setilaiti iliyo juu kilomita elfu ishirini haijui dereva gani ana moyo wa kuamka saa nane usiku. Kijiji kinajua.

Jambo hili si geni Tabora, tena lina umri kuliko babu zetu. Mwaka 1856 huko Ulaya ilichapishwa ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa pwani yetu. Walikusanya habari za wasafiri wa misafara, wakachora ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, limelala kama konokono asiye na nyumba. Wasomi wakabishana sana. Mwaka uliofuata, 1857, Burton na Speke wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu. Pale mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, akawaeleza kwamba hilo si ziwa moja. Ni maziwa tofauti, moja magharibi, moja kaskazini, moja kusini. Speke akaelekea kaskazini na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake.

Angalieni nani alijua na nani akaandikwa. Aliyejua ni mfanyabiashara wa Kazeh na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wanapita njia hizo na mizigo mabegani. Aliyeandika ni mgeni mwenye vipimo. Jina lililoingia kwenye ramani ni la mwanamke aliyekuwa London, ambaye hakuwahi kulitia mguu ziwa lile. Ndugu zangu, asiyeandika huandikiwa.

Leo tunaandikiwaje? Chukua hilo jina tu, Isikizya. Wengine wanaliandika Isikizia. Kwa Mnyamwezi hakuna tatizo, anajua unapokwenda. Kwa kompyuta isiyofundishwa, herufi moja inaweza kuwa safari nyingine kabisa. Au chukua neno zahanati. Kama aliyeingiza kituo kwenye ramani ameandika kwa Kiingereza, bibi anayetafuta kwa Kiswahili anaweza kuambiwa hakuna kitu. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali ilifanya ile operesheni ya anwani za makazi, barabara zikapewa majina na nyumba namba. Hatua nzuri. Ila kibao cha barabara ni mwanzo tu. Bado kuna kisima, mashine ya kusaga, mkunga, fundi pikipiki.

Habari njema ni kwamba siku hizi kalamu tunaweza kuishika wenyewe. Ipo OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri bure. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliitumia kuchora mtaa wao ambao kwenye ramani nyingine ulikuwa doa tupu. Mwaka 2015 Dar es Salaam ikaanza Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wakachora mitaa yao na mifereji kwa ajili ya mafuriko. Mwaka huo huo ikaanza Crowd2Map kwa vijiji vya Tanzania, na kule Serengeti ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji.

Kwa hiyo na mimi nikajaribu. Siku tatu nilizobaki nilitembea na simu Isikizya. Duka la dawa likaingia. Mashine ya kusaga, kisima, msikiti, kanisa, fundi. Watoto walinifuata wakinionyesha vitu ambavyo mimi nisingeviona. Nikajisikia mtu wa maana sana.

Mpaka nilipofika kwa mjomba. Mjomba ni mfugaji wa nyuki, mizinga yake iko ndani ya miombo. Nikamwambia, mjomba, shikamoo, tukaiweke mizinga kwenye ramani wanunuzi wakupate. Akacheka kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, atakayeiona ya kwanza si mnunuzi, ni mwizi. Weka pale ninapouzia asali. Ninapoivuna paache."

Mnaona? Nilikuwa nimefikiri tatizo ni uwazi mweupe kwenye ramani, na dawa yake ni kuujaza. Mjomba ana hoja nzito zaidi. Kuna mweupe wa kusahauliwa na kuna mweupe wa kujilinda, na kwenye kioo cha simu vinafanana kabisa. Anayeweza kuvitofautisha ni mwenyeji. Ndiyo maana siamini sana wazo la kukaa ofisini mbali, kuangalia picha za angani na kutumalizia kazi. Picha itaonyesha paa. Haitasema kama mwenye paa anataka kujulikana.

Kwa hiyo jibu langu kwa sasa ni hili. "Karibu nami" ina maana karibu na yule aliyeandika. Tukimwachia aandike mtu wa mbali, hata jirani atakuwa mbali. Akiandika mwenye kijiji, akachagua cha kuonyesha na cha kuficha, hapo ndipo neno karibu litapata ile maana yetu nyingine, ya kumfungulia mgeni mlango.

Sikukuu zinakuja na wengi mtapanda mabasi. Kabla hujaondoka, fungua ramani uangalie kwenu panaonekanaje. Ukikuta peupe, usikimbilie kupajaza. Muulize shangazi kwanza, kisha umuulize mjomba.

Haya, ngoja nikanywe chai yangu ya asali.