Huzuni Ambayo Haikuondolewa

Mwaka tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, tuliacha kuzungumza. Hatukugombana; kila mmoja aliogopa machozi ya mwenzake. Jioni tuliketi meza moja tukisahihisha madaftari, maana sote wawili ni walimu wa fizikia, kisha tukalala bila kusali.

Usiku mmoja tulikuwa tukiandaa somo la umeme. Zipo metali ambazo zikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Heike Kamerlingh Onnes aliliona jambo hilo katika zebaki mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi. Mwaka 1957 Wamarekani Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza sababu: elektroni, ambazo kwa kawaida husukumana, huenda mbilimbili, zikiunganishwa na mitikisiko ya atomu. Ilijulikana pia kwamba atomu zenye usumaku, hata chache, huzitenganisha.

Lakini mwaka 1979, Ujerumani, Frank Steglich na wenzake walichunguza mchanganyiko wa seriamu, shaba na silikoni. Seriamu ile ina usumaku, nao ulitarajiwa kuharibu kila kitu. Ukinzani ukatoweka. Lakini mchanganyiko kama huo wenye lanthanumu, isiyo na usumaku, haukufanya hivyo. Kilichodhaniwa adui ndicho kilichohitajika. Wanafizikia wengi hueleza hivi: elektroni ikipita huzigeuza sumaku ndogondogo za jirani, na nyingine huvutwa na alama hiyo. Huungana, huku zikiachiana nafasi.

Tulinyamaza. Kisha mmoja wetu akalitaja jina la mtoto, mara ya kwanza baada ya miezi saba. Tulilia pamoja mpaka chai ikapoa.

Hatusemi kwamba Mungu alimchukua ili atuunganishe; atakayetuambia hivyo tutamkatalia. Wala metali haithibitishi imani. Tulikuwa tumemwomba Mungu, kila mtu kivyake, atuondolee huzuni ile ili tuweze kuishi tena. Hakuiondoa. Ila tangu usiku ule, mmoja akielemewa, mwingine anaijua njia ya kumfikia, kwa kuwa ameipita yeye mwenyewe. Siku nyingine humsogelea. Siku nyingine humwachia nafasi, akamngoja.

Jioni tunasali tena, na jina la mtoto wetu ndilo tunalolitaja kwanza.