Korti Iko Tononoka, Kesi Mpaka California?

Hebu tuulizane wanangu: nani husoma masharti kabla ya kubonyeza "nakubali"? Mimi niliyasoma ya programu moja baada ya binamu yangu kufungiwa akaunti iliyokuwa ikimlipia kodi ya chumba. Hakuambiwa kosa. Aliandika, akajibiwa na mashine. Kule chini kabisa imeandikwa: ukiwa na malalamiko, nenda ukashtaki kwao, California. Na sisi korti ya watoto tunayo hapa hapa Tononoka, ya Kadhi iko mjini, nauli ya tuktuk tu!

Na msiniambie mkono wa korti za Kenya haufiki mbali. Ulifika katikati ya bahari. Mwaka 2008 na 2009 Kenya iliwekeana mikataba na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya: manowari zao zikishika maharamia wa Kisomali, waletwe Mombasa washtakiwe. 2010 ikafunguliwa mahakama pale Shimo la Tewa kwa pesa za wafadhili. Mwaka huohuo jaji wa Mahakama Kuu hapa Mombasa akasema hatuna mamlaka juu ya yaliyotendeka nje ya maji yetu. 2012 Mahakama ya Rufaa ikasema tunayo. Yaani wakubwa walipotuhitaji, sheria yetu ilijua kuogelea.

Sasa geuza. Daniel Motaung wa Afrika Kusini alikuwa Nairobi akichuja video za kutisha za Facebook, ameajiriwa na Sama. Alishtaki 2022. Meta ikasema haiko Kenya, korti zetu haziihusu. Februari 2023 korti ya ajira ikakataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa nayo ikakataa. Zaidi ya miaka 2 kwa swali la mlango tu, fidia bado!

Wapo wanaosema tukiwabana watahama. Sama ilipoacha kazi hiyo watu walifutwa kweli, na hilo si dogo. Lakini tangu Januari 2021 KRA inatoza kodi kampuni za kidijitali za nje, hata zisizo na ofisi hapa. Kodi inafika, samansi ishindwe?

Bunge liandike mstari mmoja tu: sharti linalompeleka mtumiaji wa Kenya kushtaki ng'ambo halina nguvu. Mtumiaji wa Ulaya anaruhusiwa kushtaki nyumbani kwake. Kwani bando letu sisi si pesa?