Mpaka wa Simba ni Mbuyu

Ukisafiri kutoka Nairobi kwa barabara kuu ya Mombasa, Kibwezi ndipo unapokata kushoto kuelekea Kitui. Barabara hiyo, ambayo miaka iliyopita ilikuwa vumbi tupu, siku hizi ni ya lami. Huuvuka Mto Athi, ambao hapo ndio mpaka wa Makueni na Kitui, kisha hupita Ikutha na Mutomo hadi mjini Kitui. Kando yake utaona mibuyu, mashamba ya ndengu na mbaazi, na punda waliobeba mitungi ya maji.

Kabla ya kuufikia Athi, upande wa Makueni, ndipo lilipo boma la shangazi yangu, ambaye watoto wangu humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Tulifika kwake mwezi wa Septemba, wakati jua linapochoma kabla ya mvua za vuli. Wa kwanza kutupokea alikuwa Simba, mbwa wa kienyeji mwenye rangi ya mchanga na miguu mitatu.

Mguu wake wa nyuma ulinaswa na mtego wa waya uliotegewa digidigi. Kidonda kilioza, na daktari wa mifugo akaukata mguu ili kumwokoa. Majirani walimshauri Susu amwue tu, kwani mbwa kiwete atalinda nini?

"Niliwaambia mbwa habweki kwa mguu," Susu alitueleza. "Usiku nyoka alipoingia jikoni, ni huyu aliyetuamsha."

Asubuhi yake watoto walitaka kwenda kuchota maji kwenye mto wa mchanga, umbali wa kama kilomita mbili na nusu. Wakauliza: je, Simba anaweza kwenda nasi?

"Wajukuu wangu, mpaka wa Simba ni ule mbuyu," alijibu Susu akituonyesha kwa mkono. "Akiupita, nyinyi ndio mtakaomrudisha."

Mbuyu ule haukuwa hata nusu ya njia. Tulipoufikia, Simba alikuwa mbele yetu akirukaruka, mkia juu. Nikasema moyoni kwamba wazee huogopa mno. Tukapita.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni rahisi kulielewa. Mbwa anaposimama, miguu ya mbele hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake na ya nyuma asilimia 40. Kwa hiyo aliyepoteza mguu wa nyuma huwa na nafuu kuliko aliyepoteza wa mbele, na mteremko haumsumbui sana. Lakini miguu ya nyuma ndiyo inayosukuma mwili. Kwenye mlima kazi yote ya kusukuma huuangukia mguu mmoja uliobaki. Nasi tulikuwa tukiteremka kwenda mtoni, na tungerudi tukipanda!

Mtoni kuna bwawa la mchanga, ukuta uliojengwa kukata mkondo ili mafuriko ya mvua yarundike mchanga nyuma yake. Maji hujificha ndani ya mchanga huo, jua lisiyafikie, na watu huchimba kidogo tu wakayapata. Mabwawa ya namna hii yamejengwa kwa wingi Kitui na Makueni, na yamewapunguzia akina mama safari ndefu za kutafuta maji. Lakini kwa mbwa wa miguu mitatu mchanga laini ni adui. Kila hatua huzama, na kila kuzama humdai nguvu ya kujing'oa. Simba alicheza pale kwa furaha, kumbe alikuwa akitumia akiba yake ya kurudia nyumbani.

Tulianza kurudi saa nne, jua limekwisha kuwaka. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema. Kwanza Simba alibaki nyuma. Kisha akawa anaketi kila baada ya hatua chache, ulimi nje, huku kichwa kikipanda na kushuka kwa kila mruko. Kila tulipomwita aliinuka akaja. Mwishowe alijilaza chini ya mgunga, mguu wake wa pekee wa nyuma ukitetemeka. Binti yangu akaanza kulia, akidhani anakufa.

Tulimpa maji kwa kiganja, tukamlowesha tumbo na nyayo, tukangoja kivulini. Kijana mmoja aliyekuwa na mkokoteni wa punda akatuonea huruma. Simba akarudi nyumbani amelala katikati ya mitungi, kama abiria aliyelipa nauli. Susu alitutazama, hakusema neno. Alienda tu kumtandikia gunia.

Basi, msomaji, mbwa wa miguu mitatu aweza kutembea kwa starehe umbali gani? Hakuna kipimo kimoja. Yule aliyepona vizuri, mwepesi wa mwili na aliyezoea, kwa kawaida hufurahia matembezi ya dakika 20 au 30 mahali tambarare. Afadhali safari fupi mbili au tatu kwa siku kuliko moja ndefu. Aliyetoka kukatwa mguu aanze na dakika chache tu baada ya kidonda kupona, aongezewe polepole. Asinenepe, kwani kila kilo ya ziada huangukia viungo vitatu badala ya vinne. Atembezwe alfajiri au jioni, na kama kuna lami, iguse kwanza kwa mgongo wa mkono. Ukishindwa kuhesabu hadi saba, naye hawezi kuikanyaga.

Kuna mpaka mwingine usiohusu miguu. Mbwa anayeyumba njiani, ulimi nje, mbele ya watu wasiomjua, hudhaniwa ana kichaa na hupigwa mawe. Watu hawana makosa kuuogopa ugonjwa huo, kwani dalili zikishajitokeza huua. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030, na Makueni ikawa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Shabaha ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Simba amechanjwa, na Susu humvisha ukanda shingoni ili hata mgeni ajue kwamba ana mwenyewe.

Siku ya pili tulivuka Athi tukaenda Kitui kuliona Jiwe la Nzambani, ambalo masimulizi husema ukilizunguka mara saba mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke mwanamume. Mwanangu wa kiume alilitazama lile jiwe kubwa, akasema, "Simba hangemaliza hata mzunguko mmoja." Binti yangu akamjibu, "Angemaliza kama ungemwita."

Alisema kweli. Mbwa hapimi njia, humpima mtu anayemfuata. Atakwenda mbali kuliko mguu wake unavyoweza, mradi wewe uko mbele. Kwa hiyo kazi ya kukumbuka safari ya kurudi ni yako. Tulipopita kwa Susu kuaga, Simba alitusindikiza. Tulipoufikia mbuyu, watoto wenyewe walisimama, wakamkumbatia, wakamwambia arudi nyumbani.