Wino Mweusi Katika Maabara ya Kiyovu

Mwishoni mwa 1983 madaktari wa Rwanda na wa Ubelgiji waliwabaini wagonjwa 26 wa SIDA, yaani UKIMWI, mjini Kigali kwa wiki nne tu, na mwaka uliofuata habari zao zikatoka katika jarida la Lancet. Sisi wa maabara ya hospitali pale mtaani Kiyovu tuliujua ugonjwa huo kwa fangasi zake. Kwanza utando mweupe wa kandida mdomoni, ambao ukishuka kooni mtu hamezi hata uji. Kisha maumivu ya kichwa, yaliyoletwa na kuvu nyingine, kriptokoka.

Mgonjwa aliletwa na ndugu zake baada ya kuumwa kichwa wiki mbili au tatu, amekwisha kumeza dawa za malaria bila nafuu. Mara nyingi shingo haikukakamaa, ndiyo maana wengi walichelewa kutambuliwa. Daktari alimchoma sindano mgongoni, na maji yaliyotoka mara nyingi yalikuwa maangavu kama ya chemchemi. Kwa macho tu ungeapa ni mazima. Niliweka tone moja juu ya kioo, nikalichanganya na wino mweusi wa Kichina, nikainamia hadubini. Wino ulitanda kote isipokuwa penye kriptokoka: kiduara kidogo, kimezungukwa na ganda nene ambalo wino haulipenyi. Kwa ganda hilo kuvu hii huihepa kinga ya mwili.

Ndugu walinijua ni mtoto wa Biryogo, mtaa wa Waswahili, wakaniuliza kwa Kiswahili: “Muganga, kitu hiki amekitoa wapi?” Niliwaambia kimo katika udongo na mavi ya njiwa, wengi tunakivuta pumzini, na mwenye kinga nzima kwa kawaida hakimdhuru. “Hakuambukizwa na mtu, wala ninyi hatawaambukiza kuvu hii. Mlisheni, mshikeni mkono.” Hayo niliyarudia sana, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuogopa kuwagusa wagonjwa wao.

Dawa zilikuwepo duniani. Amfoterisini ilitumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na flukonazoli ikafuata miongo mitatu baadaye. Bei zake hazikuwa za watu wetu. Bado inaniuma: tulilijua jina la kuvu, tukakosa cha kumpa mgonjwa.

Leo damu kidogo na kijiti cha kupimia huonyesha kriptokoka kabla kichwa hakijaanza kuuma. Ndugu msomaji, kama unaishi na virusi vya SIDA na CD4 zako, seli za kinga, zimeshuka chini ya 200, ulizia kipimo hicho. Na kichwa kikikuuma siku nyingi, usiridhike na dawa ya malaria, omba upimwe.